Maji Yaliyoshinda Miguuni

Kutoka kitandani kwangu hadi mlango wa choo ni hatua 27. Nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ni nyumba ya Kiswahili kama nyingine za mtaani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na choo mwisho kabisa wa uani. Hatua hizo nilizihesabu gizani kwa miaka miwili, kwenda na kurudi, mara nne au tano kila usiku.

Nina miaka 63 na ni fundi cherehani. Nashona kanzu, suruali na sare za shule, kazi niliyoianza kabla sijaoa. Naandika haya kwa ajili ya mtu anayeamka usiku kama nilivyokuwa naamka mimi, akajua moyoni kwamba si kawaida, lakini akanyamaza.

Ilianza pole pole. Kwanza niliamka mara moja, na nani hajawahi kuamka mara moja? Kisha mara mbili. Mwaka uliofuata nikawa sina usiku. Haja ya kwanza ilinijia kama saa tano na nusu, usingizi ndio kwanza umekolea. Nikirudi kitandani nachukua muda kulala tena, na nikishalala, saa saba niko uani. Kukojoa kwenyewe hakukuwa na shida yoyote: hakuna maumivu, mkojo unatoka vizuri, tena mwingi. Kilichoniumiza ni usingizi. Usingizi wa vipande vipande haumpumzishi mtu. Asubuhi naamka kichwa kizito, saa nane mchana macho yanafumba juu ya cherehani, na hasira zikawa karibu. Nilimfokea mjukuu kwa kuangusha kibuyu cha chaki, jambo ambalo bado linanichoma nikilikumbuka.

Siku moja nilikata mikono ya kanzu ya bwana harusi pungufu kwa inchi mbili. Kitambaa kilikuwa kimeletwa na ndugu zake kutoka Muscat. Nilisimama na mkasi mkononi nikitazama kile kitambaa, nikajua kwamba mkono uliokata haukuwa umelala wiki nzima. Kitambaa nililipa. Aibu ya kumwangalia yule kijana usoni siku tatu kabla ya ndoa yake haina bei.

Hata hapo sikumwambia mtu. Mwanamume wa makamo akisema anaamka usiku kwenda haja ndogo, watu wanasikia maneno mengine ambayo hakuyasema. Mke wangu alijua, kwa sababu kila nilipoinuka kitanda kilimwamsha na yeye, lakini tulilipita jambo lile kama mnavyolipita deni ambalo hakuna mwenye fedha za kulilipa. Siku nilipolitaja barazani, kati ya vikombe vya kahawa, wote walikuwa na jibu moja: tezi dume.

Nililiogopa jibu hilo kwa sababu nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Muheza, alikaa miaka na tezi iliyovimba bila kwenda hospitali, hadi usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Kibofu kilijaa kikawa kigumu kama mpira wa miguu, na yule mtu mzima alilia kama mtoto. Hospitalini waliingiza mpira wa mkojo, na mkojo ukatoka zaidi ya lita moja. Alitembea na mfuko wa mkojo wiki kadhaa kabla ya kufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo niliposikia tezi dume, nilichokiona ni mfuko wa kaka ukining'inia kwenye mguu wangu. Na hofu haikunipeleka hospitali. Ilinikimbiza mbali nayo.

Nilianza kujitibu. Nilitafuna mbegu za maboga kila jioni kwa miezi miwili. Nilinunua unga wa mizizi kwa mtu aliyetandaza dawa zake karibu na stendi, aliyeniambia utasafisha tezi kwa siku saba. Kwenye duka la dawa nikaelezwa kwamba hiyo ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa vidonge vya siku tano bila kupimwa mkojo, nikavimeza vyote. Hakuna kilichobadilika. Nasema haya bila kumlaumu aliyenishauri, maana kila mmoja alikuwa anajaribu kunisaidia. Ila ukitazama vizuri utaona kwamba wote tulianza na dawa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mkojo wenyewe ni kiasi gani na unatoka saa ngapi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la maji. Nilifikiri kama mtu yeyote angefikiri: maji yanayotoka ni yale yaliyoingia, basi nisinywe. Nikaacha maji tangu adhuhuri. Nashona kwenye joto la Tanga la mwezi wa pili, fulana imelowa jasho, na sinywi kitu. Mkojo wa mchana ukawa mchache, wa rangi ya chai ya rangi, unawasha. Choo kikubwa kikawa taabu. Kichwa kikawa kinauma kila alasiri. Na usiku? Usiku niliamka vilevile, mara nne, mkojo mwingi, mweupe kama maji ya kisima. Hilo lilinishangaza sana. Sijanywa kitu tangu saa sita mchana, haya maji yanatoka wapi?

Swali hilo ndilo lililokuwa na jibu ndani yake, lakini sikulifuata. Lilinisubiri hadi nianguke.

Ilikuwa masika, umeme umekatika, na uani kumelowa. Niliteleza hatua chache kabla ya mlango wa choo nikaangukia mkono wa kushoto. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Nilifungwa hogo wiki sita, na fundi asiyeweza kushika kitambaa kwa mkono wa kushoto hana kazi. Hapo ndipo niliposema ukweli, kwa sababu muuguzi aliuliza swali rahisi: "Mzee, ulikuwa unaenda wapi saa nane za usiku?" Nikamjibu. Akauliza tena: "Na usiku mmoja unaenda mara ngapi?" Nilipomwambia, hakucheka wala hakushangaa. Aliandika kwenye karatasi yangu, na niliporudi kuangaliwa mkono nikaelekezwa kwa daktari mwingine.

Daktari huyo alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia, nikaitika, na nikaanza kumweleza habari za tezi dume, za kaka, za mbegu za maboga. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba, kabla sijakwambia lolote, naomba unipe siku tatu za daftari."

Nilipaswa kutafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita, kila nikikojoa nipime, niandike saa na kiasi, mchana na usiku. Niandike pia ninachokunywa, na saa ninayolala na kuamka. Mkojo wa mwisho kabla ya kulala unahesabiwa wa mchana, kwa sababu umetengenezwa ukiwa macho. Ule wa kwanza alfajiri unahesabiwa wa usiku, hata kama umeshaamka, kwa sababu figo ziliutengeneza ukiwa umelala. Nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo. Nilidhani mkojo wa usiku ni ule unaokuamsha tu.

Huku nikifanya hivyo, walinichukulia vipimo vingine. Sukari kabla ya kula ilikuwa 5.4; akaniambia kisukari hutajwa ikifika 7.0 na kuendelea. Mkojo ulikuwa msafi, hauna maambukizi wala damu. Damu ilipimwa kuangalia figo. Alisikiliza moyo na mapafu, akauliza kama napata shida ya kupumua nikilala chali, kwa sababu moyo ukichoka maji hujaa mwilini na hutoka usiku. Akamuuliza mke wangu kama nakoroma na pumzi kukatika, maana hata kukosa hewa usingizini huufanya mwili umwage maji usiku. Utrasaundi ilionyesha kwamba tezi dume yangu imekua kidogo, kama ilivyo kwa wanaume wengi wa umri huu, lakini baada ya kukojoa kibofu kilikuwa karibu kitupu. Kipimo cha tezi cha kidole nacho nilifanyiwa. Nilikuwa nimekiogopa miaka miwili, na kilichukua muda mfupi kuliko kuchukua vipimo vya suruali.

Nilirudi na daftari. Naliweka hadi leo. Usiku wa Ijumaa: saa tano na nusu, mililita 180. Saa saba, 230. Saa nane na nusu, 220. Saa kumi, 190. Alfajiri, 170. Jumla ya usiku 990. Mchana wote nilikuwa nimekojoa 610. Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo, kasoro kidogo.

Alinionyesha kwa kalamu yake. Mwili wangu ulikuwa unatoa mililita 1,600 kwa siku nzima, kiasi cha kawaida kabisa, wala si nyingi. Shida ni kwamba zaidi ya nusu ilikuwa inatoka usiku. Kwa mtu mzima wa umri wangu, usiku ukichukua zaidi ya theluthi moja ya mkojo wa siku nzima, tayari tatizo liko kwenye maji yanayotengenezwa usiku, wala si kwenye mlango wa kutokea. Kibofu changu kilikuwa kinashika vizuri na kinamwaga vizuri. Kaka yangu, alipokuwa na shida yake, alikuwa akikojoa kidogo kidogo, vijiko kwa vijiko, mkojo dhaifu, anasukuma, anamaliza na kuhisi bado umebaki. Tuliamka usiku wote wawili, tukaitwa kwa jina moja barazani, na ugonjwa haukuwa mmoja.

Kisha akageuza ukurasa wa Jumapili, akauzungushia duara. Jumapili niliamka mara mbili tu. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona.

"Jumapili ulifanya nini, baba?"

Nikamwambia sikushona. Kulikuwa na wageni, tukala, na mchana wote nilijinyoosha mkekani ukumbini nikizungumza nao, miguu juu ya mto mkubwa, kwa sababu ilikuwa inanichosha.

Akainuka, akapiga goti mbele yangu, akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko wangu, akahesabu hadi kumi, akaachia. Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili, mimi na binti yule, likijaa taratibu kama nyayo kwenye mchanga mbichi pwani. Alama za mpira wa soksi nilikuwa nikiziona kila jioni kwa miaka, nikadhani ni soksi mbaya.

Alinieleza hivi, nami nalieleza kwa namna nilivyolielewa. Ukikaa kutwa nzima miguu ikining'inia, sehemu ya maji ya damu huvuja ikaingia kwenye nyama za miguu na kutulia hapo. Mchana yanakaa huko, figo haziyaoni, ndiyo maana mchana nilikojoa kidogo. Usiku ukijilaza, miguu inakuwa sawa na moyo, na yale maji yanaanza kurudi kwenye mishipa. Moyo ukihisi damu imeongezeka, hutoa homoni inayoziambia figo zimwage maji na chumvi. Juu ya hapo, ubongo wa mtu hutoa usiku homoni nyingine ya kuzituliza figo ili alale, na kwa wengi wetu homoni hiyo hupungua kadiri umri unavyokwenda. Kwa hiyo maji niliyokuwa nikiyakojoa saa nane za usiku hayakuwa maji ya jioni. Yalikuwa yameshinda miguuni mwangu tangu asubuhi, yakisubiri nilale. Kujinyima maji tangu adhuhuri kulinikausha mwili bila kuyagusa.

Siwezi kueleza nilivyojisikia kusikia hayo. Miaka miwili nilikuwa natazama pale yalipotokea, na chanzo kilikuwa chini ya meza ya cherehani.

Akauliza dawa zangu. Nilikuwa nikinywa amlodipini ya presha, miligramu 10, kwa miaka minne. Dawa hiyo ni nzuri, inashusha presha vizuri, lakini kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu, na dozi ikiwa kubwa huzidi. Alinipunguzia hadi miligramu 5 akaniongezea losatani, kisha akanifuatilia presha kwa wiki kadhaa. Hapa nataka nisikike vizuri, kwa sababu najua namna tulivyo: usisome haya ukaenda kukata kidonge chako mwenyewe. Presha iliyoachiwa inapooza mwili na inaua. Mama mkwe wangu wa Pangani naye alikuwa akimeza dawa yake ya kupunguza maji saa mbili usiku pamoja na nyingine zote, ili asisahau, na analalamika kwamba halali. Tulimpeleka kwa daktari wake, akamhamishia dawa hiyo mchana, na hilo tu lilimrudishia usiku wake. Lakini alihamishiwa na aliyemwandikia.

Lililobaki lilikuwa langu. Kila siku saa tisa alasiri nafunga cherehani, natandika mkeka nyuma ya duka, naweka miguu juu ya kiti cha kukunja, juu kuliko kifua, kwa saa nzima. Lengo ni kuyarudisha maji mchana ili yatoke jioni, kabla sijalala. Siku za kwanza wateja walinikuta hivyo wakadhani naumwa. Kabla ya magharibi naenda haja mara mbili, wakati mwingine tatu, mkojo mwingi, na kila tone ni tone ambalo halitaniamsha. Baada ya kazi natembea hadi baharini na kurudi, maana misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kupanda juu, kama pampu.

Hilo la pampu lilinifikirisha sana. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilishona kwa cherehani ya kukanyaga, miguu inakwenda kutwa nzima. Kisha mwanangu akaninunulia mota, kwa mapenzi, baba apumzike. Nikapumzika kweli: miguu ikawa imetulia chini ya meza saa kumi kwa siku. Siwezi kuapa kwamba mota ndiyo iliyonifikisha pale, kwa kuwa dawa na umri navyo vilikuwepo. Lakini nikihesabu nyuma, kuamka mara nne nne kulianza baada ya mota. Nimerudisha kanyagio kwa kazi ndogo ndogo, pindo na vifungo, na mota nimeibakiza kwa mishono mirefu. Mwanangu hakukasirika.

Chumvi ilikuwa vita kubwa zaidi. Mimi ni mtu wa papa mkavu na ng'onda, na embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Chumvi huyashika maji mwilini, na figo huitoa taratibu hadi usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile iliyomo kwenye mkate na chipsi. Kipande kimoja cha papa kinaweza kumaliza hesabu. Binti yangu alinisomea habari za madaktari wa Nagasaki, Japani, waliotoa matokeo yao mwaka 2017: watu 223 waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 hadi 8.0 kwa siku, kuamka kwao kulishuka kutoka mara 2.3 hadi 1.4 kwa usiku. Wenzao 98 ambao chumvi yao ilipanda, waliamka zaidi. Nilimwambia arudie kusoma. Gramu chini ya tatu, na usiku ukabadilika! Sasa mke wangu analoweka papa usiku kucha, anamwaga maji mara mbili, na tunamla mara moja kwa wiki, mchana.

Kahawa sikuiacha, nimeihamisha. Nilikuwa nikinywa vikombe vitatu vinne vya kahawa chungu baada ya isha, na kafeini huchochea kibofu na kuufanya usingizi kuwa mwepesi, mtu akaamshwa na mkojo mdogo ambao angeulalia. Sasa nainywa asubuhi. Barazani bado naenda, mwenye dele ananipita akigonga vikombe vyake, nami nakula kashata. Maji nayanywa asubuhi na mchana bila woga, na baada ya saa moja jioni nakunywa kidogo tu, ya kumezea dawa.

Ramadhani ni shughuli nyingine. Kunywa kote kunahamia usiku, na huwezi kukwepa. Mwaka wa kwanza baada ya matibabu nilidhani nitarudi nilikotoka. Daktari aliniambia nisizuie maji, ila nianze mara tu nikifungua, niyagawe hadi tarawehe, na nisinywe jagi zima la juisi ya ukwaju kwa mara moja. Uji wa futari nikaupunguza, samaki wa chumvi nikamwondoa kabisa kwenye daku. Alasiri miguu juu, kama kawaida. Niliamka mara mbili, mara nyingine mara tatu, na kwa kuwa mara moja ilikuwa ya daku sikuihesabu kuwa hasara. Kilichonifurahisha zaidi ni kusali tarawehe yote bila kuogopa kwamba udhu utaniponyoka katikati ya safu.

Uani tumebadilisha pia. Kuna taa ndogo ya sola inayojiwasha mtu akipita, sakafu nimeipiga saruji ya kukwaruza, na kando ya kitanda kuna kopo lenye kifuniko kwa usiku wa mvua. Nilikuwa naona kopo ni la wagonjwa. Wiki sita za hogo zilinifundisha bei ya kiburi hicho.

Tangu nianze kusema wazi, watu wananijia. Sina dawa ya kuwapa, nawapa jagi. Jirani yetu mmoja, mama mjane wa miaka hamsini na kidogo, aliamini ni uzee na ukomo wa hedhi. Alipopima siku moja tu, jumla ilikuwa zaidi ya lita nne, mchana mwingi na usiku mwingi, na kiu haimwachi. Daftari lake halikufanana na langu hata kidogo. Nilimsihi aende siku hiyo hiyo, na sukari yake ilikutwa juu sana. Sukari ikizidi kwenye damu humwagika kwenye mkojo na kuyavuta maji pamoja nayo. Sasa anatibiwa. Kijana mwingine, dereva wa bodaboda, alikuwa akikojoa kila saa kiasi cha nusu kikombe, kwa maumivu. Yeye kweli alikuwa na maambukizi. Na mzee mwenzangu wa msikitini aliona damu kwenye mkojo wake, haina maumivu, akataka kungoja iishe yenyewe. Huyo sikumwambia apime chochote. Nilimshika mkono tukapanda daladala.

Kaka yangu alipokuja kututembelea kutoka Muheza nilimwonyesha daftari. Alilipekua muda mrefu. Akasema kama angekuwa na karatasi tatu za namna ile miaka kumi nyuma, pengine angejua mapema kwamba mkojo wake unapungua kila mwezi, na usiku ule wa mpira usingemfika. Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa barazani miguu yetu ikiwa juu ya kiti kimoja.

Kwa sasa naamka mara moja, kwenye saa tisa, na siku nyingine hadi adhana. Usiku wa kwanza nilipolala moja kwa moja, mke wangu alikuwa ameamka saa nane kwa mazoea. Aliniambia alikaa kitandani akisikiliza pumzi zangu kwa woga, akaweka mkono kifuani kwangu kuhakikisha, kisha akalala vizuri yeye pia. Sikuwahi kujua ni usingizi wake kiasi gani niliokuwa nimeuchukua.

Wiki ya mwisho kabla ya Idd iliyopita kanzu zilikuwa nyingi. Nilikaa kwenye mota tangu alfajiri hadi saa nne usiku, siku tatu mfululizo, mkeka haujatandikwa, na jirani ametuletea ng'onda. Jioni ya siku ya tatu nilibonyeza ugoko, shimo likabaki. Nilijua usiku utakavyokuwa. Niliamka saa sita, saa nane, saa kumi. Nikaandika 3 kwenye daftari, na asubuhi, kabla ya kuwasha cherehani, nikamtuma mjukuu alete kile kiti cha kukunja akiweke karibu.